Pakereti ya Kando ya Reli

Kitabu cha mwalimu kilisema pakereti inapatikana kila mahali, kando ya kila njia, na kwamba hata mtoto mdogo anaijua. Mahali hapo pote palikuwa Ubelgiji, lakini kitabu hakikuona sababu ya kutusumbua kwa jambo dogo kama hilo.

Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la kijani. Mkurugenzi wa shule yetu alikirithi pamoja na filimbi na meza yenye droo, siku Mbelgiji aliyemtangulia alipopanda meli ya Kigoma mwaka wa sitini na asirudi kuchukua hata kofia yake. Tangu siku hiyo mji ulikuwa umebadilisha bendera hadi tukazoea. Tulikuwa Kongo, halafu tukaambiwa sisi ni Katanga, halafu wakaja wengine wakasema wapi, hakuna Katanga, halafu askari wa kofia za bluu wakatembeatembea kwenye avenyu, halafu tukawa Kongo tena. Jina tu la mji lilibaki lile la mfalme wa Wabelgiji, maana Kalemie lilikuja baadaye. Katika mageuzi hayo yote hakuna aliyekigusa kile kitabu. Wiki ya maua ilibaki wiki ya maua, na ua la wiki hiyo lilikuwa pakereti.

Mimi nilikuwa monitrisi wa majaribio, yaani mwalimu wa kike ambaye bado hajathibitishwa. Majaribio maana yake unafanya kazi yote ya mwalimu, ila wakubwa wakizungumza unatumwa kuleta viti. Nilipewa kalasi ya tatu ya wasichana, na niliipenda ile kalasi vibaya sana. Nilipenda harufu ya chaki asubuhi, nilipenda hata kelele zao. Nilipokuwa mbele ya tablo, ule ubao wa chaki, sikuwa binti wa mtu wala mchumba wa mtu, na sijawahi kupata raha nyingine ya namna hiyo.

Lakini mchumba alikuwepo, ndiyo shida. Alikuwa mtu wa treni kutoka Kabalo, mwanamume mzima aliyenizidi sana umri, na kila treni yake ilipofika alipita kwetu kusalimu. Hakuwa mtu mbaya. Viatu vyake viling'aa, na alicheka kabla ya kumaliza hadithi zake ili kutusaidia. Alitaka mke wa kukaa Kabalo na mama yake, ambaye alikuwa na mashamba mengi na miguu mibovu. Kila nilipomtazama niliona yale mashamba.

Papa yangu alikuwa pointeri wa bandarini, yaani mtu anayesimama kwenye mlango wa behewa na kuhakikisha kwamba magunia yanayoingia ndiyo yaliyoandikwa. Alikuwa hapendi maneno mengi na hakuwahi kurudi nyuma kwenye neno lake, kwa hiyo alikuwa analitafuna muda mrefu kabla ya kulitoa. Alinitolea lake jioni moja tukiwa tunakula.

"Kama inspekteri anakuthibitisha, weye ni mwalimu, na maneno ya Kabalo imekwisha," akasema. "Kama anakukatala, siku ya Yenga ile ya nyuma nitawapokea na pombe yao."

Siku ya Yenga ni Jumapili, ile ya nyuma ni ile inayofuata, na pombe ni ya posa. Inspekteri alitarajiwa Ijumaa. Hivyo maisha yangu yote yalikuwa yamewekwa kati ya siku hizo mbili, na katikati yake limesimama ua nisilolijua.

Inspekteri mwenyewe alikuwa ameuchanganya mji. Tulitazamia mzungu, kwa kuwa ukaguzi tuliujua kuwa ni kazi ya wazungu, tukaletewa mtu mweusi kama sisi, mwenye tai na mwavuli, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa Mhaiti. Walikuwa wameletwa wengi kutoka ng'ambo ya bahari kuu kujaza viti vya Wabelgiji. Akina mama wa sokoni walimwamkia, naye akavua kofia, akainama kwa heshima na kupita, wakasema huyu anajidai, Kiswahili anakisikia vizuri kabisa. Wengine walieleza kwamba mababu zake walikamatwa na kuuzwa zamani kutoka pande zetu, na sasa mjukuu amerudi kukagua tumefanya nini muda wote huo.

Mkurugenzi alipopata habari kwamba inspekteri ataingia kalasini kwangu, na kwamba atakuta wiki ya maua, alikuja kunitafuta na kitabu kwapani. Alikuwa mtu mwema, mwalimu wa zamani aliyefundisha miaka mingi chini ya wazungu bila kuulizwa maoni yake, na alipoulizwa maoni yake baada ya uhuru alikuwa hanayo tena. Alichokuwa nacho ni kitabu. Kitabu kilisema somo la ua lazima lifanywe na ua lenyewe mkononi mwa kila mtoto. Zamani Wabelgiji walitumia picha ya rangi iliyotundikwa ukutani, lakini mchwa walikuwa wameila, tena walianzia kwenye petali.

"Enda tafuta pakereti," akaniambia.

Nikamuuliza nitafute wapi. Akanitazama kwa huruma, akanifungulia ukurasa na kunisomea kwamba pakereti huota kando ya njia. Basi nikaenda kando ya njia. Nilifuata njia ya reli kutoka stesheni ya gari la moshi hadi bandarini, jua la saa nane likinipiga kichwani, nikatazama kila jani. Niliona mihogo iliyojiotea, niliona majani ya kushika nguo, niliona ganda la ndizi. Nilirudi na bugenvilia, kwa kuwa ndilo ua pekee ambalo mji wetu ulikubali kuliita ua. Mkurugenzi alilitupa dirishani.

Kesho yake alikwenda mwenyewe, akarudi na kofia imejaa. Ndipo nilipoliona kwa mara ya kwanza ua ambalo nilikuwa nimelikanyaga tangu nilipojua kutembea. Wewe unayesoma unalijua, hata kama umekaa mbali na ziwa letu. Linatambaa chini kwenye mchanga na kokoto za reli, majani yake yana meno na manyoya yanayokwaruza kidogo. Kisha linatoa kijiti kirefu chembamba kisicho na jani, na juu ya kijiti kuna ua dogo lenye kitovu cha manjano na petali chache za rangi nyeupe iliyofifia, kila moja imechanika nchani. Halina harufu. Ukilikanyaga leo, kesho limeinuka.

Mkurugenzi aliliweka juu ya kitabu kilichofunguliwa, akaanza kazi. Alisoma mstari mmoja, akatazama ua, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasoma mwingine. Dogo? Dogo. Kitovu cha manjano? Ndiyo. Nyeupe pembeni? Ndiyo. Kijiti chenye ua moja? Moja. Kando ya njia? Sisi wote tulijua limetoka wapi. Ua la kawaida, linalodharauliwa na wapita njia? Hapo alicheka hata yeye. Kila mstari ulikubali. Kulikuwa na mchoro tu uliokataa, maana pakereti ya mchoro ilikuwa na petali zilizosongamana kama watu kwenye mlango wa treni, na hii yetu ilikuwa na tano. Mkurugenzi aliufunika mchoro kwa kiganja, akaniambia michoro haina umuhimu.

"Njo yenyewe," akasema, yaani ndiyo hasa.

Siwezi kumcheka, maana nami nilishusha pumzi. Hata hivyo nilibeba kijiti kimoja hadi nyumbani, kwa sababu nina roho ya kutaka kuhakikisha, nimeirithi kwa mtu wa magunia. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alilitazama bila kuacha kutwanga, akasema hiyo njo chakula ya sungura, na kama nimeileta niikatie sungura wote, si kijiti kimoja. Jirani yetu, mke wa mvuvi aliyetoka pwani ya kaskazini ya ziwa, alikuwa amekaa pale mlangoni. Alisema kwao majani yake yanapondwa na kubandikwa mahali kisu cha samaki kimekukata, damu inasimama. Nikawauliza jina lake. Walitazamana, wakacheka mpaka mama akaweka mchi chini. Aliniambia kitu kisichouzwa sokoni kina haja gani ya jina.

Nilimpelekea mkurugenzi habari hizo zote mbili, za sungura na za kidonda. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Mama yako anafundisha kalasi ya ngapi?" akaniuliza.

Basi, likawa pakereti. Nasema kweli, mimi mwenyewe sikuona kosa kubwa. Mwezi uliopita tulikuwa tumefundisha theluji, watoto wakaimba kwamba inaanguka taratibu na kufunika paa za nyumba, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika. Angalau ua hili lilikuwepo.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Lazima nieleze kwamba mwaka ule ndio amri ilikuwa imetoka ya kufundisha kila kitu kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza ya shule. Wabelgiji walipokuwepo, wadogo walifundishwa kwa Kiswahili. Walipoondoka, tukasherehekea uhuru kwa kukataza Kiswahili kalasini. Mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao alipigishwa magoti. Kwa hiyo mazoezi yetu yalikuwa ya kasuku. Nilinyanyua kijiti, nikauliza hili ni ua gani, wakajibu wote pamoja kwa Kifaransa kwamba ni pakereti. Linaota wapi? Kando ya njia. Petali zake? Nyingi sana. Kitabu ndicho kilichosema nyingi sana, na watoto walijibu kwa furaha, wameshika vijiti vyao, kila kimoja na petali zake tano.

Ijumaa ilifika. Nilivaa gauni langu la kanisani. Watoto walikuwa wameoshwa hadi wakang'aa, mafuta yakiwatiririka kwenye paji la uso. Inspekteri aliingia na mkurugenzi nyuma yake, akakataa kiti kikubwa alichoandaliwa, akaenda kukaa nyuma kwenye benchi ya watoto, magoti yakimfika kidevuni. Nilianza. Sijawahi kufundisha vizuri kama asubuhi ile. Sauti haikutetemeka, chaki haikukatika, watoto walijibu kwa sauti moja mpaka mkurugenzi akaanza kutabasamu kwenye kona yake. Nilimwona hata mtu wa Kabalo akipanda treni na kuondoka kabisa katika maisha yangu.

Nilipofika kwenye petali na watoto wakasema nyingi sana, inspekteri alisimama. Aliomba apewe ua moja. Alilishika kwa vidole viwili, akaja nalo polepole hadi mbele, akasimama kwa msichana wa benchi ya kwanza. Yule mtoto alikuwa binti wa jirani yetu, yule mke wa mvuvi, na alikuwa na tabia moja iliyonipendeza na kunitesa: aliamini kwamba mtu akikuuliza swali, anataka kujua jibu. Inspekteri alimwomba ahesabu petali. Mtoto aliinama, akagusa moja moja kwa kidole.

"Tano," akasema, kwa Kifaransa kizuri kabisa.

Inspekteri akamuuliza kama tano ni nyingi sana. Mtoto alifikiri, akasema hapana, ni chache. Kisha akamuuliza nyumbani kwao wanalifanyia nini ua hili. Hapo mtoto alinitazama. Jibu alikuwa nalo, tena alikuwa nayo yote mawili, la sungura na la kisu cha samaki, lakini alikuwa nayo kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa marufuku. Alifunga mdomo, machozi yakamlenga.

Inspekteri hakumlazimisha. Alibaki amelishika lile ua, analigeuza, na nikaona uso wake umebadilika. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, si na mimi, si na watoto. Alisema hili si pakereti, pakereti aliiona Paris alipokuwa mwanafunzi, ni kitu kingine kabisa. Alisema hili lipo kwao. Linaota kando ya njia inayoshuka kwenda mtoni, na mama yake alimtuma kulikata kila asubuhi kabla ya shule, kwa ajili ya sungura. Alisema hajaliona tangu mama yake azikwe. Watoto hawakuelewa kitu, walimtazama tu mtu mzima mwenye tai anayetaka kulia kwa sababu ya chakula cha sungura. Mimi nilielewa. Nilisoma baadaye sana kwamba mmea ule asili yake ni pande zile za kwao. Mababu zake walitolewa huku wakapelekwa kule bila kutaka, na majani yakatoka kule yakaja huku bila kuulizwa, wakakutana kalasini kwangu siku niliyohitaji sahihi yake.

Mkurugenzi aliona mambo yanaharibika, akapuliza filimbi ya mapumziko. Watoto wakatoka. Tukabaki watatu, mimi mbele ya tablo, mkurugenzi karibu na mlango, na inspekteri ambaye alikuwa amejifuta uso na kukaa kwenye meza yangu. Alikuwa amerudi kuwa mkubwa. Alifungua kalamu.

Alinisifu kwanza. Nidhamu nzuri, sauti nzuri, tablo safi. Kisha akaeleza tatizo lake kwa upole, kama mtu anayekusaidia kupanda ngazi. Programu inasema wiki hii ni pakereti. Kama nimefundisha pakereti, somo limefuata programu, na yeye hana sababu ya kutonithibitisha. Kama nimefundisha ua lingine, basi sikufuata programu, tena nimewaambia watoto jambo lisilo kweli, na hapo mikono yake imefungwa.

"Mademoiselle, mimi si mtaalamu wa mimea," akasema. "Ninaweka sahihi kwenye yale unayoniambia wewe. Hili ni ua gani?"

Dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu atutajie sungura wa mama yake. Nilimtazama mkurugenzi. Aliniitikia kwa kichwa, taratibu, kwa kunitia moyo. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema wafanyabiashara wa Kigoma, na kombe lilikuwa limeshaletwa mezani, mimi nilitakiwa kunyoosha mkono tu. Sikuwa na nia ya kuwa shujaa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema pakereti.

Lakini macho yalikwenda dirishani. Uani watoto walikuwa wanaruka kamba, na pembeni yao, kwenye changarawe, juani, yule binti wa jirani alikuwa amepiga magoti na mikono iko juu. Nikauliza amefanya nini. Mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo kwamba alimwagiza hapo mlangoni wakati wa kutoka apige magoti, ili ajifunze, amemwaibisha mwalimu wake mbele ya mgeni. Kwa kusema tano.

Hasira ikanipanda. Watu wamenisifu baadaye kwamba nilisimamia ukweli. Ukweli gani, mimi nilikuwa na hasira tu. Nilikasirika na mkurugenzi, nikakasirika zaidi na yule mgeni aliyelia kwa ua na sasa anajifanya halijui, anipe sahihi kama mtu anayempa maskini. Kama hili lilikuwa pakereti, basi yule mtoto alikuwa amesema bongo, yaani uongo, na magoti yake yalistahili zile changarawe.

"Si pakereti," nikasema. "Ni chakula cha sungura, kama kwenu. Lina petali tano. Na yule mtoto ainuke."

Inspekteri hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniambia anasikitika. Alisema programu ni programu, na kama kila mwalimu atachagua ua lake, nchi hii changa haitajengeka. Kisha akaandika kwamba nisithibitishwe, na haikumchukua muda. Alipomaliza alichukua lile ua kutoka mezani, akaliweka katika mfuko wa koti, nyuma ya kitambaa chake cheupe, akavaa kofia, akatoka.

Nilikwenda uani, nikamshika yule mtoto mkono na kumwinua. Changarawe zilikuwa zimemwachia alama kwenye magoti. Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, anaangalia kama mkurugenzi anasikia.

"Mademoiselle, ilikuwa ngapi?"

"Tano," nikamjibu, kwa Kiswahili.

Jioni papa alinisikiliza akiwa amesimama, kofia ya kazi bado iko kichwani. Nilimwambia yote. Aliuliza kama yule mgeni mwenyewe ndiye aliyesema ni chakula cha sungura. Nikasema ndiye. Akauliza kama ni huyohuyo aliyeandika kwamba nimekosa. Nikasema ni huyohuyo. Alitafuna hayo muda mrefu. Alisema bandarini kwao, magunia yakiwa tano na karatasi ikisema kumi, behewa haliondoki. Moyo wangu ulichangamka, nikajua ameniunga mkono. Kumbe alikuwa anapanga tu mambo mahali pake.

"Lakini neno nilitoa," akasema, akavua kofia.

Jumapili wakaja baada ya misa. Mtu wa Kabalo alikuwa na mjomba wake, mzee mnene mwenye sauti, na walileta bia na kitambaa cha mama. Mama alipika kuku. Nami niliitwa sebuleni, nikakaa kwenye mkeka, macho chini, kama inavyotakiwa. Mjomba alizungumza habari za Kabalo kana kwamba ni mbinguni, akataja mashamba. Mchumba wangu alinichekea. Alisema amesikia mambo ya inspekteri, nisihuzunike, kwao hakuna mtu atakayeniuliza habari za maua. Alisema kwa wema, nami nikaona kabisa kwamba alikuwa anasema kweli.

Kuna desturi, na ndiyo iliyokuwa imebaki. Baba wa binti anamimina pombe iliyoletwa, anainua gilasi, na kabla haijagusa mdomo anamuuliza binti mbele ya wote kama anywe. Akinywa, mambo yamekwisha, umeolewa, yanayobaki ni vyakula na safari. Binti hujibu kunyweni. Sijawahi kumsikia yeyote akijibu vingine, wala mama hajawahi, wala bibi. Ni swali kama lile la padri anaposema Bwana awe nanyi. Hasubiri kuona kama mtamkatalia.

Papa alifungua chupa. Alimimina hadi juu, akainua gilasi, povu likamshukia kwenye vidole.

"Binti yangu," akasema, "tukunywe ao tusikunywe?"

Mjomba alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye gilasi yake. Mimi nilikuwa namtazama papa, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa ameisimamisha ile gilasi hewani, haisogei, na alikuwa anangoja. Katika watu wote walioniuliza swali wiki ile, huyu peke yake alitaka kujua jibu.

"Musikunywe, papa," nikasema.

Mama alitoa sauti ndogo. Mjomba akacheka, akasema binti hakusikia vizuri, wasichana wa siku hizi, aulizwe tena. Mchumba wangu hakucheka. Papa hakuuliza tena. Aliishusha gilasi mezani bila kumwaga, akachukua kifuniko cha chupa, akajaribu kukirudisha ingawa kilikuwa kimepinda, kisha akaisogeza chupa upande wa wageni.

"Mumesikia," akawaambia.

Walipokwisha kuondoka, papa alisema kesho yake nitakwenda kwenye nyumba ya akina mama kufundisha kushona, maana kule hakuna inspekteri. Hakusema kingine, akatoka kwenda kutazama meli. Kalasi yangu walimpa kijana mmoja kutoka Nyunzu aliyeandika kwa mkono mzuri. Nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Mama alidhani namlilia yule mwanamume. Alinipangusa uso kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, akaniambia ninyamaze, wanaume wapo wengi, treni inaleta wengine kila wiki. Nilimwacha anifariji hivyo hivyo. Nilikuwa nawalilia watoto wangu wa kalasi ya tatu, ambao kesho saa moja na nusu wangesimama kando ya benchi zao na kumwamkia mtu mwingine.